Kauli ya Kutendeka na Diwani Iliyofichwa Kwenye Flashi

Ziko sentensi tatu ambazo mtunzi huambiwa katika maduka ya kuchapa na kutoa fotokopi, tangu Bukoba mjini hadi Muleba, pindi flashi yake inapochomekwa kwenye kompyuta na isionyeshe kitu. Ya kwanza ni "Imefutika." Ya pili ni "Imepotea." Ya tatu, ambayo vijana huipenda kwa kuwa ina ladha ya hadithi, ni "Virusi vimekula." Baada ya mojawapo ya hizo hufuata ya nne, nayo ndiyo inayoua: "Tuifomati?" Mtunzi aliyekuja kuchapa shairi la harusi ya saa nane mchana hana muda wa kujadiliana. Huitikia kwa kichwa. Katika dakika ile ile kazi ya miaka mingi, iliyokuwa salama salimini, hugeuka kuwa kazi ya kutafutwa kwa tochi.

Nasema ilikuwa salama kwa sababu, mara nyingi mambo yanapokuwa hivi, hakuna kilichofutika wala kilicholiwa. Folda zimo ndani ya flashi, zote, na kila ubeti uko pale ulipoachwa. Zimefichwa tu. Ninalotaka kudai hapa huenda mafundi wakalicheka: kwamba jambo hili ni la lugha kabla halijawa la mitambo, kwamba kitenzi kinachotamkwa pale kaunta ndicho kinachoamua kama diwani itaishi au itakufa, na kwamba dawa yake imo nusu kwenye sarufi na nusu kwenye mstari mmoja wa amri ambao mtunzi yeyote aliyewahi kukariri utenzi hawezi kushindwa kuukariri.

Tuanze na sarufi, maana ndiko nilikotoka. "Kioo kimevunjika, Mwalimu." Jibu hili nililisikia mabwenini kwa miaka zaidi ya thelathini, wala sikumbuki mwanafunzi hata mmoja aliyeniambia kimevunjwa. Watoto wale walikuwa wanasarufi hodari kuliko alama zao za mtihani zilivyoonyesha. Kauli ya kutendwa, hata isipomtaja mtenda, humwachia kiti: ukiambiwa kioo kimevunjwa, swali linalokujia ni "Na nani?" Kauli ya kutendeka huondoa na kiti chenyewe. Ukiambiwa kimevunjika, unatafuta ufagio.

Ndivyo ilivyo kwa flashi. "Imefutika" humfanya mtunzi atafute ufagio, na ufagio wa kompyuta ni kufomati. "Imepotea" ni afadhali kidogo, kwa kuwa kilichopotea huweza kutafutwa, lakini hakisemi kitafutwe wapi. "Virusi vimekula" ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu katika Kiswahili kilicholiwa hakirudi. Fedha iliyoliwa hairudi, na muwa uliotafunwa haurudi shambani. Kumbe sentensi iliyo kweli ni "Folda imefichwa." Sentensi hiyo ina mtenda, nacho ni kirusi, tena ina matumaini, kwa kuwa kitenzi cha kuficha kina kinyume chake kinachojulikana na kila mtu: kufichua. Kufuta hakuna kinyume cha namna hiyo. Jaribu kuunda "kufutua" uone kama ulimi wako utakubali.

(Nikiwa kwenye neno kirusi, niseme kwamba naliona kuwa mojawapo ya mapambo ya lugha yetu. Neno la kigeni liliingia likawa virusi. Wazungumzaji wakaisikia vi- ya mwanzo, wakaihesabu kuwa ya wingi, wakajitengenezea umoja wake bila kumwomba mtu ruhusa. Wapo wanaolalamika kwamba Kirusi ni lugha ya Urusi. Muktadha utawasaidia. Kuhusu folda, najua wapo wanaopendelea kabrasha, nami siwazuii. Hapa nitasema folda kwa kuwa ndilo neno lililo midomoni mwa watu tunaowazungumzia.)

Sasa tuone kinachotendeka ndani ya kifaa, maana mtu hawezi kuchagua kitenzi sahihi kabla ya kujua tendo. Flashi zilianza kuuzwa duniani mwaka 2000, lakini utaratibu ambao nyingi kati yake hutumia kupanga mafaili ni mkongwe kuliko hizo. Unaitwa FAT, nao ulibuniwa mwaka 1977. Sura yake iitwayo FAT32 ilitoka mwaka 1996, na hadi leo ndiyo utakayoikuta kwenye flashi nyingi ndogo. Mwalimu yeyote ataufahamu upesi, kwa kuwa unafanana na daftari la mahudhurio. Kila faili au folda ina mstari wake wa baiti 32. Katika mstari huo pameandikwa jina, tarehe, ukubwa, na namba ya mahali ambapo maudhui yake yanaanzia. Tena imo baiti moja ya alama. Alama moja husema "isomwe tu, isiandikwe". Nyingine husema "ni mali ya mfumo". Na nyingine, ndiyo tunayoizungumzia, husema "isionyeshwe".

Kwa hiyo folda iliyofichwa ni mwanafunzi ambaye jina lake limo daftarini, naye ameketi kwenye dawati lake, ila pembeni ya jina lake mtu ameweka alama kwamba asiitwe. Folda iliyofutwa ni habari nyingine: herufi ya kwanza ya jina lake hubadilishwa ikawekwa alama maalumu ya kuonyesha kwamba mstari ule sasa uko wazi kwa mgeni. Hata hapo mwanafunzi bado yuko darasani, ila dawati lake linaweza kupewa mwingine wakati wowote. Na kufomati, ile ya haraka ambayo vijana hupenda kuibofya, ni kuleta daftari jipya lisilo na jina hata moja. Wanafunzi wote wamo ndani, lakini shule haiwajui tena. Hali ni tatu, na vitenzi vitatu vinahitajika. Dukani hutumika kimoja kwa zote.

Nani basi huweka ile alama ya "isionyeshwe"? Zaidi ya muongo mmoja uliopita jamii kadhaa za virusi vilivyosafiri kwa flashi zilienea duniani. Mojawapo iliitwa Jenxcus, ambayo kampuni ya Microsoft iliendesha operesheni ya kuikata mizizi mwezi Juni 2014. Nyingine iliitwa Gamarue, au Andromeda, ambayo mtandao wake ulivunjwa na vyombo vya dola vya nchi kadhaa mwishoni mwa Novemba 2017. Mizizi ilikatwa, lakini vichipukizi vyake na mithili zake vimebaki kwenye kompyuta kuukuu zisizopata masasisho, na huko ndiko sisi tunakochapishia.

Ujanja wake ni wa kiuandishi kabisa. Kirusi huingia kwenye flashi, hukuta folda iitwayo DIWANI, huiwekea alama mbili, ya kufichwa na ya mfumo, kisha hutengeneza njia mkato yenye jina lile lile, DIWANI, na picha ile ile ya folda. Mtunzi anapoibofya, mambo mawili hufanyika kwa pamoja: kirusi huamshwa kwenye kompyuta, na folda ya kweli hufunguliwa. Mashairi yanaonekana, mtunzi anaridhika. Hata siku moja hashtuki. Anaendelea hivyo miezi, akikipeleka kirusi shuleni, kanisani, kwenye ofisi ya kata, hadi siku ambayo programu ya kinga katika kompyuta fulani inakiona kirusi, inakifuta pamoja na zile njia mkato zake, na kuiacha folda ya kweli pale pale, na alama zake za kufichwa. Hapo ndipo flashi huonekana tupu. Kilichofutwa ni mlango wa bandia; nyumba ipo, ila haina mlango unaoonekana.

Baadhi ya aina za Gamarue zilizidi hapo. Zilikusanya kila kitu na kukiingiza ndani ya folda moja ambayo jina lake ni nafasi tupu, alama isiyokatika ambayo jicho haliioni, kisha folda hiyo nayo ikafichwa. Nikiri kwamba, kama mtu wa fasihi, nilisisimka kidogo niliposoma habari hii. Folda isiyo na jina, iliyofichwa, iliyobeba majina yote.

Sasa ndipo inapokuja sehemu ambayo mafundi wetu wengi hawaisemi: alama ya kufichwa ni ombi. Ni maneno yaliyoandikwa daftarini, na kila mfumo endeshi huamua wenyewe kama utayatii. Windows huyatii. Linux, kwa kawaida, haiyajali. Inayapita kama mgeni aliyeingia ukumbini bila kusoma tangazo la mlangoni. Kompyuta za Mac nazo hutii, lakini ukibonyeza kwa pamoja vitufe vya Command, Shift na nukta, zitakuonyesha vilivyofichwa kwa rangi iliyofifia. Flashi ile ile, baiti zile zile, na kila mashine inatoa ushahidi wake.

Haya nimeyaona kwa macho yangu. Mwanafunzi wangu wa zamani, leo mwalimu wilayani Muleba na mtunzi, alinijia hapa Nyanga na flashi ya GB 8 ambayo maduka mawili yalishamwambia imefutika. Duka la pili lilikuwa limemshawishi nusu. Ndani yake mlikuwa na mashairi yake yote tangu amalize chuo cha ualimu, pamoja na utenzi wa beti 340 alioutunga kuhusu tetemeko la 10 Septemba 2016, lile la ukubwa wa 5.9 lililobomoa nyumba za watu hapa kwetu. Nakala ya karatasi hakuwa nayo. Alikuwa nayo ya rasimu, yenye beti sitini hivi. Kwenye kompyuta ya binti yangu, inayotumia Windows, dirisha lilikuwa jeupe. Nilimwonyesha jambo moja kabla ya yote: nilibofya flashi kwa kitufe cha kulia nikatazama nafasi iliyotumika. Zaidi ya GB 2 zilikuwa zimetumika. Flashi tupu haishibi. Kisha tukaichomeka kwenye kompyuta yangu kuukuu iliyowekewa Ubuntu, na folda ya DIWANI ikawa ya kwanza kwenye orodha, bila hila yoyote, bila amri yoyote. Alinyamaza kitambo kirefu. Baadaye aliniuliza kama kompyuta ile imeirudisha. Nikamwambia haikurudisha kitu, kwa kuwa hakuna kilichoondoka.

Ubuntu, kwa faida ya wasiojua, ni sura ya Linux iliyotolewa mara ya kwanza Oktoba 2004, na jina lake ni la Kibantu. Mhaya hahitaji kamusi ili alitambue shina lake. Hugawiwa bure, na virusi vilivyoandikwa kwa ajili ya Windows kwa kawaida havina miguu humo. Ndiyo maana naiona kuwa mahali pazuri pa kufungulia flashi inayotiliwa shaka. Nakili mafaili ya maandishi tu, yale ya odt, docx na pdf, uyaweke mahali pengine. Achana na yanayoishia kwa lnk, vbs na exe, hasa ikiwa hukumbuki kuyaweka. Baada ya hapo, na si kabla, ifomati flashi kadiri upendavyo. Kufomati si dhambi. Dhambi ni kuifanya kuwa hatua ya kwanza.

Lakini wengi wetu hatuna Linux karibu. Basi tushughulike na Windows yenyewe. Kijana wa dukani akijitahidi sana atafungua mipangilio ya folda na kuweka alama kwenye kisanduku cha kuonyesha vilivyofichwa. Asipoona kitu, ndipo husema kwa uhakika kwamba imefutika. Hapo ndipo anapokosea, naye hana wa kumlaumu, maana Windows ina visanduku viwili. Kile cha pili kinahusu mafaili yanayolindwa ya mfumo, na kirusi, kama nilivyosema, huweka alama zote mbili. Kufungua kisanduku kimoja ni kufungua komeo moja la mlango wenye makomeo mawili.

Njia fupi ni amri. Bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na R, andika cmd, kisha Enter. Katika dirisha jeusi litakalojitokeza andika mstari huu, ukibadilisha E iwe herufi ambayo kompyuta yako imeipa flashi:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Tuupige mizani kama tunavyopiga mizani ya mshororo. Attrib ndiyo amri yenyewe, na kazi yake ni kusoma na kubadili zile alama za daftarini. Kistari ni cha kutoa. H ni alama ya kufichwa, r ni ya kusomwa tu, s ni ya mfumo. Hizi za h na s lazima zitolewe kwa pamoja. Ukijaribu kutoa ya kufichwa peke yake wakati ya mfumo ingalipo, amri itakataa, nami najua watu walioishia hapo wakasema amri haifanyi kazi. Vile vya mkwaju, /s na /d, huiambia amri iingie folda za ndani na iziguse folda zenyewe, si mafaili peke yake. Nyota mbili zenye nukta katikati maana yake ni chochote chenye jina lolote. Acha nafasi kila mahali nilipoacha. Mtunzi anayejua kwamba mizani moja ikizidi shairi linachechemea hatahitaji kuonywa mara mbili. Enter, subiri, kisha fungua flashi. Usishangae ukiona folda iitwayo System Volume Information. Hiyo ni ya Windows yenyewe, iache ilivyo. Zile njia mkato zifute bila kuzifungua.

Hadi hapa nimezungumzia kufichwa na adui. Kuna na kufichwa na mfumo, ambako hakuna adui yeyote, na ambako mashine huvuka lugha kama vile neno linavyovuka mpaka likabadili maana. Katika Linux na jamaa zake, kitu hufichwa kwa jina lake: jina likianza kwa nukta, halionyeshwi mpaka ubonyeze Ctrl na H. Desturi hii, kwa simulizi ya Rob Pike aliyefanya kazi Bell Labs, ilizaliwa kwa bahati. Waandishi wa Unix walitaka kuziondoa kwenye orodha alama mbili tu, nukta moja na nukta mbili, zinazomaanisha folda hii na folda mama. Kwa uvivu wa mstari mmoja wakaandika kwamba chochote kinachoanza kwa nukta kirukwe. Njia ya mkato ya mwandishi mmoja ikawa sheria ya ulimwengu, na simu za Android zimeirithi.

Windows haiijui sheria hiyo. Kwa Windows, nukta ni nukta. Kwa hiyo mtunzi aliyeyahifadhi mashairi yake ya mapenzi ndani ya folda iitwayo .siri kwenye kompyuta ya Linux, akijiona mjanja, akiipeleka flashi hiyo kwenye duka lenye Windows atakuwa ameyatandaza mbele ya foleni nzima. Nalisema hili kwa kicheko, lakini kuna upande wake usiochekesha, hasa kwa walimu. Ukifuta faili lililo kwenye flashi ukiwa katika Windows, haliendi kapuni. Linaondoka moja kwa moja. Ukilifuta ukiwa katika Linux kwa njia ya kawaida, huhamishiwa folda iliyofichwa ndani ya flashi hiyo hiyo, iitwayo .Trash-1000, ambapo 1000 ni namba ya mtumiaji wa kwanza wa kompyuta. Kwenye Mac huhamishiwa .Trashes. Mwalimu anayefuta mtihani wa mwisho wa muhula kwenye kompyuta ya Linux, kisha akamwazima kiranja flashi ili akachape orodha ya wanafunzi, amempa mtihani. Yeye anaona flashi tupu. Kiranja, kwenye Windows, anaona folda yenye jina la ajabu, na hakuna kijana wa kidato cha nne asiyefungua folda yenye jina la ajabu.

Ikiwa kweli faili limefutwa, nafasi iliyotumika itakuwa imepungua. Hapo usiandike kitu kingine ndani ya flashi hiyo, hata barua moja, kwa sababu kila unachoongeza huweza kukalia dawati la aliyefutwa. Ziko programu za bure, TestDisk na mwenziwe PhotoRec, na hii ya pili hutembea darasani na kumtafuta mwanafunzi mmoja mmoja bila kutegemea daftari. PhotoRec huleta mafaili bila majina yake, nawe utakaa siku mbili ukisoma kila moja ili ujue ni shairi gani. Nimeona ikifanyika. Ni kazi ya uhariri kama nyingine.

Kuna wenzangu watakaoniambia kwamba haya yote ni kelele, mtunzi wa kweli huandika daftarini. Jirani zetu wa ng'ambo ya ziwa wanatupa jibu. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya yake kubwa kwa Kikerewe mwaka 1945. Karatasi zilikuwepo, tena nyingi, lakini kitabu hakikuonekana mpaka mwaka 1980, kikiwa kwa Kiswahili alichokitafsiri mwenyewe, na mwandishi akafariki mwaka 1981. Miaka 35 kazi ile ilikuwepo bila kuonekana. Tofauti yake na mashairi ya flashi ni kwamba hakuna aliyethubutu kuutazama mswada wa Kitereza na kusema "umefutika, tuuchome". Karatasi hujitetea kwa uzito wake mkononi. Flashi haina uzito unaobadilika. Iliyojaa na iliyo tupu ni sawa kwenye kiganja, na kwa hiyo kinachoitetea ni neno tu la yule anayeitazama.

Vijana wa madukani siwalaumu hata kidogo. Wamejifunza kazi kwa kuangaliana, na mashine zenyewe huwapotosha. Ukifungua flashi iliyofichwa vitu vyote, Windows hukuandikia kwa Kiingereza kwamba folda hii ni tupu. Huo ni uongo. Lililo kweli ni kwamba haina cha kukuonyesha, na tofauti ya kuwa tupu na kutokuwa na cha kuonyesha ndiyo tofauti yote tuliyoizungumzia tangu mwanzo. Kijana anatafsiri tupu kwa imefutika, anahamisha sentensi mbovu kutoka lugha moja kwenda nyingine, na kila hatua inaongeza uhakika isiokuwa nao ile iliyotangulia.

Hili tunaweza kulirekebisha sisi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili. Microsoft nayo baadaye ilitoa vifurushi vya Kiswahili vya Windows. Uwezo upo, ingawa katika maduka yote niliyoingia Bukoba sijaona kompyuta hata moja iliyowekwa kwa lugha hii. Ninachowaomba wanaokaa kutafsiri istilahi hizi, pamoja na wana-BAKITA wanaozisanifisha, ni kwamba wasitafsiri uongo kwa uaminifu. Kwa zile alama za daftarini napendekeza neno alama, badala ya sifa ambalo wengine hulitumia, kwa kuwa sifa ni kitu ulicho nacho na alama ni kitu ulichowekewa na mtu. Na mahali ambapo mashine sasa inadai kwamba folda ni tupu, paandikwe: "Hakuna kinachoonyeshwa hapa. Vilivyofichwa: 12." Iwe vilivyofichwa, kwa w, wala isiwe vilivyofichika.